Mbwa kando ya aliyeumia moyo: somo la Gulu kwa Nakivale na Mbarara

MBARARA. Neno ni moja, au karibu moja. Mnyankole wa Mbarara husema embwa. Mnyarwanda na Mrundi husema imbwa, na Mkongomani wa Bukavu, kwa Kiswahili cha kwao, naye husema imbwa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako watu hawa wote hupanga madumu yao kwenye bomba moja, hakuna anayehitaji mkalimani neno hilo likirushwa wakati wa ugomvi. Ni tusi kwa lugha zote.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huku kwamba mbwa anaweza kumsaidia aliyeumizwa na vita kupata usingizi, usishangae akikutazama mara mbili. Mbwa kazi yake ni kulinda boma, kufuata ng'ombe malishoni na kulala nje. Akizeeka anaachwa ajitafutie. Hayo ndiyo tuliyoyakuta kwa wazee wetu.

Hata hivyo, kaskazini mwa Uganda hii hii, mjini Gulu na vijiji vyake, watu waliopitia vita wamekuwa wakikaa na mbwa kama sehemu ya tiba ya moyo tangu katikati ya miaka ya 2010. Si mzaha, na si anasa ya Wazungu iliyoletwa na ndege. Aliyeianzisha ni Mwacholi, mwathirika wa vita hiyo hiyo. Swali la makala hii ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: je, tiba ya namna hiyo ina nafasi Nakivale? Na anayetaka kuijifunza aanze na nini?

Jeraha lisiloonekana

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara, karibu na mpaka wa Tanzania. Ilifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao. Leo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kabisa barani Afrika, na ina watu zaidi ya 150,000. Wakongomani ndio wengi, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Uganda haiwafungii nyuma ya seng'enge. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea, na familia nyingi zimepewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima.

Lakini ardhi haifuti alichokiona mtu njiani. Aliyekimbia usiku nyumba ikiwaka huendelea kuamka saa ile ile, miaka kadhaa baadaye, moyo ukimwenda mbio. Mlango ukijibamiza kwa upepo, anajirusha chini. Anaacha kwenda sokoni kwa sababu msongamano unamkaba. Majirani wanasema ana majini, au ana kiburi, au analewa sana. Wataalamu wanaita hali hiyo kiwewe, na wanasema ni ugonjwa unaotibika.

Nakivale yenyewe imeshatoa ushahidi kwamba unatibika. Mwaka 2008 lilichapishwa jarida lenye matokeo ya utafiti uliofanywa katika makazi hayo na timu ya Frank Neuner, mwanasaikolojia wa Ujerumani, pamoja na wenzake. Walihusishwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wakiwa na kiwewe. Kundi moja lilipewa tiba ya kusimulia, ambayo mgonjwa husimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mema na mabaya, kwa mpangilio, akiwa na msikilizaji aliyefunzwa. Kundi la pili lilipewa ushauri nasaha wa kawaida, na la tatu lilifuatiliwa tu. Baada ya miezi kadhaa, asilimia 70 ya waliosimulia na asilimia 65 ya walioshauriwa hawakuonyesha tena dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Katika kundi lililofuatiliwa tu, walikuwa asilimia 37.

Jambo la kukumbuka ni nani walikuwa wakisikiliza. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida kutoka miongoni mwa wakimbizi, waliofunzwa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba msaada wa moyo unaweza kufundishwa kwa jirani, ilimradi afundishwe vizuri na asimamiwe. Hapo ndipo habari ya mbwa inapopata mlango wa kuingilia.

Gulu ilivyoanza

Francis Okello Oloya alikuwa na umri wa miaka 12 alipopoteza macho yote mawili. Alikuwa akilima shambani kwao alipogusa bomu lililofukiwa ardhini, mabaki ya vita kati ya serikali na waasi wa LRA wa Joseph Kony. Vita hivyo vilidumu karibu miaka 20, vikawafukuza watu wapatao milioni 1.8 makwao na kuwatia kambini, na maelfu ya watoto wakatekwa.

Alipopelekwa shule ya bweni, usiku ulikuwa mtihani. Kutoka bwenini hadi chooni ni mwendo, naye haoni, na kumwamsha mwenzake kila usiku kulimpa aibu. Mbwa waliokuwa wakiishi hapo shuleni wakaanza kumfuata na kumsindikiza. Hakuna aliyewafundisha. Kijana akajikuta ana wenzake wasiomhurumia wala kumcheka.

Alipokua alisomea saikolojia ya jamii, na kumbukumbu ile ikawa mradi. Uko chini ya shirika la The Big Fix Uganda, lenye hospitali ya wanyama mjini Gulu, na unaitwa The Comfort Dog Project, yaani mradi wa mbwa wa faraja. Namna unavyofanya kazi haina siri. Mbwa koko au aliyetupwa huokotwa, hutibiwa, huchanjwa na kuhasiwa. Hupimwa tabia yake. Kisha huunganishwa na mtu aliyeumizwa na vita, ambaye haitwi mwenye mbwa bali mlezi wake. Kila wiki, kwa miezi kadhaa, walezi hukutana na mbwa wao. Wanajifunza kuwafundisha kwa kuwatuza badala ya kuwapiga, na wakati huo huo wanapata ushauri nasaha. Mlezi huahidi kumtunza mbwa maisha yake yote. Akihitimu, hurudi kijijini kuwafundisha wengine namna ya kuishi na mbwa na kujikinga na kichaa cha mbwa.

Ukitazama kwa makini, utaona kwamba mbwa hapo si dawa peke yake. Kuna kikundi kinachokutana, kuna mshauri na kuna jukumu. Mtu aliyekuwa haamki kitandani sasa lazima aamke, kwa sababu kuna kiumbe kinachomngoja mlangoni kipewe maji. Aliyekuwa akiogopa njia sasa anapita njiani akiwa na mwenzake, na watu wanamsimamisha kumuuliza habari za mbwa, si habari za vita.

Kwa nini mbwa?

Wazo la mbwa tabibuni lina historia. Mjini New York, mwanasaikolojia wa watoto Boris Levinson alikuwa akimhudumia mtoto aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Siku moja mtoto alifika kabla ya muda, akamkuta mbwa wa daktari, Jingles, chumbani. Mtoto akaanza kucheza na mbwa, kisha taratibu akamruhusu daktari kuingia katika mchezo huo. Levinson alipowaeleza wenzake, inasimuliwa kwamba baadhi walimcheka na kumuuliza mbwa analipwa asilimia ngapi ya ada. Hakukata tamaa. Mwaka 1969 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Afrika nayo imechangia. Mwaka 2003, watafiti Odendaal na Meintjes wa Afrika Kusini walichapisha jaribio lililopima damu za watu na za mbwa kabla na baada ya kukaa pamoja, mtu akimpapasa mbwa kwa utulivu. Kemikali za mwili zinazohusiana na utulivu na mapenzi, ikiwemo oksitosini, ziliongezeka pande zote mbili, kwa mtu na kwa mbwa. Kwa mtu, homoni ya msongo ilishuka. Kwa lugha nyepesi, mapenzi hayo si ya upande mmoja.

Tusizidishe chumvi. Tafiti nyingi za tiba hii zina washiriki wachache, na hakuna mtaalamu makini anayesema mbwa atachukua nafasi ya mshauri au ya dawa. Mbwa hufungua mlango. Anayeingia kuzungumza na mgonjwa ni binadamu.

Mambo ya kwanza ya kujifunza

Anayetaka kuanza ajue kwanza tofauti ya majina, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Kuna mbwa msaidizi, kama anayemwongoza kipofu. Huyo hufundishwa kwa muda mrefu kumfanyia kazi mtu mmoja. Kuna mbwa wa matembezi ya faraja, anayepelekwa wodini au shuleni kuchangamsha watu, bila mpango wa tiba. Na kuna tiba inayosaidiwa na mbwa, ambayo ina mgonjwa, ina lengo lililoandikwa, na inaongozwa na mtaalamu wa afya anayepima maendeleo. Anayeita matembezi tiba anawadanganya wagonjwa.

Jambo la pili ni kumchagua mbwa. Ukubwa na rangi si hoja, na aina ya kigeni si lazima. Mbwa wetu wa kienyeji anafaa, tena hali ya hewa na maradhi ya hapa ameyazoea. Anayetakiwa ni mbwa mzima, si mtoto, mwenye kupenda kukaribia watu bila kuwarukia, asiyeshtuka sufuria ikianguka, na anayekubali kuguswa masikio na miguu. Anayekoroma akiguswa akila hafai. Mbwa mkali wa ulinzi anafanya kazi nzuri getini, naye aachwe huko huko.

La tatu, na ndilo kiini cha kazi yote, ni kumsoma mbwa. Mbwa husema kwa mwili kabla hajasema kwa meno. Akijilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso pembeni, akionyesha weupe wa jicho, akiufyata mkia au akahema wakati hakuna joto, anasema amechoka na anataka kuondoka. Anayemwongoza huahirisha hapo hapo. Watu wengi waliong'atwa na mbwa wa nyumbani waliambiwa mapema, ila hawakujua lugha.

La nne ni ridhaa. Mgonjwa huulizwa kabla mbwa hajaletwa, si mbwa akiwa tayari mlangoni. Mbwa hakai mapajani mwa mtu. Hukaa umbali wa hatua chache, kamba ikiwa mkononi mwa mwongozaji, na mgonjwa ndiye anayemwita akitaka. Kwa mtu ambaye wengine walimwamulia kila kitu kwa mtutu wa bunduki, nafasi ya kusema njoo au usije ni sehemu ya tiba.

La tano ni muda. Wataalamu wengi wanashauri kikao kisizidi dakika 30 hadi 45, mbwa apewe maji na kivuli, na asifanyishwe vikao mfululizo. Mwongozo wa shirikisho la kimataifa linalosimamia masuala haya, IAHAIO, uliotolewa mwaka 2014 na kurekebishwa 2018, unaweka ustawi wa mnyama sawa na wa mgonjwa. Mbwa aliyechoshwa hamponyi mtu.

La sita ni afya, na hapa hakuna mjadala. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mbwa asiye na kadi ya chanjo haingii kwenye kikao, hata awe mpole kama kondoo. Apewe dawa za minyoo na kuondolewa kupe na viroboto. Na kila anayehusika ajue huduma ya kwanza: jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Si kila mtu anamtaka mbwa

Gulu si Nakivale. Anayehamisha mradi kutoka kaskazini hadi kusini magharibi bila kuuliza ataharibu.

Kwanza kuna dini. Wasomali na Waislamu wengine wa makazi haya wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Waswahili tuna methali kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Hilo halimaanishi chuki kwa mnyama. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda shamba na wa kuchunga mifugo, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Kurani. Lakini mtu asiyetaka mbwa karibu na mkeka wake wa swala ana haki yake. Ushauri nasaha aupate ule ule, bila mbwa, na asionekane mgumu.

Pili kuna kumbukumbu. Rwanda, mwaka 1994, mbwa walikula maiti za waliouawa, na baadaye wengi wao wakapigwa risasi kwa sababu hiyo. Kwa mtu aliyeyaona hayo, mbwa anayekuja akitikisa mkia si faraja hata kidogo. Wengine walikimbizwa na mbwa wa askari, au walijificha porini wakiomba mbwa wa jirani asibweke na kuwafichua. Ndiyo maana swali la kwanza la mshauri haliwezi kuwa unapenda mbwa. Ni bora aulize: mbwa anakukumbusha nini? Jibu likiwa la kutisha, mbwa abaki nyumbani, na jibu lenyewe liwe mwanzo wa mazungumzo.

Mnyama naye si lazima awe mbwa. Kwa Mnyamulenge au Mhima, ng'ombe ana nafasi moyoni ambayo mbwa hatawahi kuipata. Kwa mwingine ni mbuzi au kuku wa kufuga. Kanuni ya kuwa na kiumbe kinachokutegemea na kukujua ni ile ile.

Nani atamlisha?

Hili ndilo swali litakaloulizwa na kila mama wa Nakivale, na ana haki ya kuliuliza. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Tangu hapo hali haijarudi ilivyokuwa, na kaya nyingi zimeondolewa kwenye mgao. Katika nyumba ambayo watoto wanakula mlo mmoja, kuleta mbwa na kusema ni tiba ni kuongeza mdomo mezani na hatia moyoni. Mtu aliyeumia akishindwa kumlisha mnyama anayempenda, anapata jeraha jipya.

Kwa hiyo njia ya mbwa mmoja kwa kila mlezi, inayofaa Gulu ambako watu wamerudi mashambani mwao, huenda isiwe ya kuanzia huku. Iko njia nafuu: mbwa wawili au watatu wanaotunzwa na kituo, wakilishwa na kuchanjwa kwa bajeti inayojulikana, wanaoletwa kwenye vikao na kurudi walikotoka. Mgonjwa anapata saa yake na mbwa, na mzigo wa ugali na dagaa haumwangukii yeye. Bajeti ikikosekana, mradi usianzishwe. Mbwa aliyezoeshwa watu kisha akaachwa barabarani ni hatari kwa watoto, na ni kuvunja ahadi mbele ya watu waliovunjiwa ahadi nyingi.

Mbarara ina nini?

Vipande vinavyohitajika havipo mbali. Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, ina hospitali ya rufaa ya mkoa yenye idara ya afya ya akili, na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinachofundisha madaktari na wauguzi. Ni mji wa wafugaji, kitovu cha nchi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, kwa hiyo daktari wa mifugo na duka la dawa za wanyama si vitu vya kutafuta kwa tochi. Nakivale ina vituo vya afya, na ilikuwa na washauri wa kienyeji zamani kabla maeneo mengine hayajafikiria jambo hilo. Kinachokosekana ni kuwakalisha mezani pamoja daktari wa akili, daktari wa mifugo, mshauri mkimbizi, shehe, mchungaji na mama wa kijiji.

Lugha ya meza hiyo tunayo. Mshauri Mkongomani, Mrundi na Mnyankole watajifunza kwa Kiswahili, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mwongozo mfupi wa kurasa chache, ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka Bukavu, Bujumbura na Kigoma, ungesaidia pia Kyangwali, Nyarugusu na Kakuma. Wakimbizi wa ukanda wetu wanavuka mipaka wakiwa na maumivu yale yale. Maarifa nayo yavuke.

Wa kuanza asianze na tiba. Aanze na chanjo. Siku ya chanjo ya mbwa, watoto wakifundishwa kutomkimbia mbwa asiyewajua, kutomgusa akila au akinyonyesha, na kusimama tuli kama mti akiwasogelea, ni siku yenye faida hata kama hakuna kitakachofuata. Pia itaonyesha ni mbwa gani watulivu, ni nani anawapenda na nani anatetemeka akiwaona.

Katika foleni hiyo atakuwepo mtu mmoja, pengine kijana asiyeongea na mtu, ameshika kamba ya mbwa mwembamba wa kienyeji. Mshauri asimwendee na karatasi. Amuulize mbwa anaitwa nani, kisha anyamaze asikilize.